Panda Unielekeze

Troli ya mkono ilikufa asubuhi, na mpaka alasiri hakuna aliyeitibu wala kuizika. Ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa ghala, gurudumu moja limepinda kama mguu wa kuku, na malori yalikuwa yamejipanga foleni mpaka getini. Mvua ilikuwa inanyesha. Msimamizi wa yadi alipita amejifunika kichwa kwa kipande cha boksi, akamwambia dereva wa foklifti, "Weka mzigo moja kwa moja juu ya ulimi. Tusije tukalala hapa."

Ulimi ni jina ambalo wapakiaji walilipa lile bamba pana la chuma lililo nyuma ya baadhi ya malori, ambalo hushuka mpaka chini, likabeba mzigo, likapanda nao mpaka usawa wa sakafu ya lori. Utaratibu wake ulijulikana na kila mtu pale. Foklifti inaweka mzigo chini, inaondoka. Mpakiaji anauvuta kwa troli mpaka juu ya ulimi, anashuka, anabonyeza swichi. Foklifti haiutwishi ulimi mzigo yenyewe, kwa kuwa ulimi si sakafu, ukilemewa huinama. Na mtu hasimami juu yake mzigo unapoingia. Hayo yalikuwa yameandikwa hata ukutani kwa rangi nyekundu, pembeni mwa choo.

Dereva wa foklifti aliitwa Taratibu. Walimwita hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, si kwenye mashine, si kwenye chakula, wala kwenye kujibu salamu. Alishika usukani, akautazama mzigo wa vigae uliokuwa kwenye uma za mashine yake. Maboksi yalipanda juu mpaka yakamfungia dunia yote ya mbele.

"Bosi, sioni mbele," alisema. "Tusubiri troli nyingine."

"Troli ni kesho. Wateja ni leo. Una mtu pale, si atakuelekeza?"

Mtu yule alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana aliyelala kwenye sofa la sebuleni kwake na ambaye Taratibu mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale yadini. Wenzake walimwita Mluzi, maana alipiga mluzi kutwa nzima, na mluzi huohuo ndio aliokuwa akielekezea: mfupi, njoo; mrefu, simama.

Msimamizi alikwisha kwenda zake. Dereva wa lori alipiga honi. Wa nyuma yake naye akapiga. Taratibu akatoa kichwa nje kwenye mvua.

"Shemeji," aliita, "panda unielekeze. Sioni kitu."

Mluzi aliutazama ulimi, ambao ulikuwa umeinuka lakini haujafika juu kabisa, bado kimo cha kama ngazi moja. Kisha akamtazama shemeji yake. Akapanda.

Mluzi mfupi ulisikika, na wa pili, na Taratibu akasogea. Uma zilipogusa ulimi, ulimi ukainama, na foklifti ikateleza mbele kwenye maji. Mluzi mrefu ulipigwa. Waliokuwepo walisema baadaye kwamba waliusikia. Taratibu hakuusikia, mvua ilikuwa imezidi, ikipiga mabati ya ghala juu ya kichwa chake. Alichosikia ni dereva wa lori akipiga kofi ubavu wa gari lake, akipiga na kupiga, na ndipo alipozima mashine na kuruka chini, akamkuta mdogo wa mkewe amekaa kitako, mguu wa kulia umebanwa kati ya mzigo na ukingo wa sakafu ya lori, ametulia, anatazama pale mguu ulipoingilia kana kwamba anasoma kitu.


Hospitali ilikuwa na benchi moja refu kwenye korido, na ndugu wa mkewe walilijaza. Mama mkwe alikaa katikati. Kulia kwake alikaa kaka mkubwa wa mkewe, muuza vipuri vya magari, mtu wa maneno mengi ambaye siku hiyo alikuwa kimya. Kushoto kwake alikaa mkewe Taratibu, amempakata binti yao wanayemwita Kibibi, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa mkubwa wa kuvuka barabara peke yake.

Taratibu alikuja na mfuko wa machungwa na chupa ya maji. Aliwasalimia, wakaitikia. Alinyoosha mfuko, na kwa kitambo kirefu mfuko ule ukabaki ukining'inia hewani, maana kila mmoja alidhani mwenzake ataupokea, au hakuna aliyedhani. Mwishowe aliuweka chini karibu na ukuta.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "wewe hukuumia?"

"Sikuumia, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Haya. Tushukuru," alisema mama mkwe, na akageuza macho yake kwenye mlango wa chumba cha upasuaji.

Pale kwenye benchi palikuwa na nafasi ya mtu kama watu wangesogea. Hawakusogea. Si kwamba walikubaliana, ilitokea tu. Taratibu akasimama mpaka daktari alipotoka na kusema kwamba unyayo haukuokoleka, na kwamba wameukata juu kidogo ya kifundo. Mama mkwe hakulia. Alivua kilemba, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani, akabaki kichwa wazi mbele ya mkwewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mkewe alimfuata Taratibu alipokwenda kusimama karibu na dirisha.

"Ilikuwaje?" alimuuliza.

"Mzigo uliteleza. Mvua."

"Yeye alikuwa wapi?"

"Alikuwa hapo. Karibu."

Mkewe alingoja kama kuna la kuongezea. Halikuja. "Nitalala hapa," akasema. "Kibibi ataenda kwa mama. Wewe nenda kabadilishe nguo, umelowa."


Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na Taratibu alikuwa akilalamika siku zote kwamba ni ndogo. Sasa ilipanuka. Alikwenda jikoni, akateleka chai, na birika lilipochemka akagundua ameweka maji ya watu wanne. Akayamwaga nusu. Halafu akaona hata yaliyobaki ni mengi.

Shuka na mto wa Mluzi vilikuwa vimekunjwa kwenye mkono wa sofa, kama alivyovikunja kila asubuhi ili mgeni akija asijue kwamba kuna mtu analala pale. Cherehani ya mkewe ilikuwa dirishani, gauni la mteja limebaki chini ya sindano, bega moja limeshonwa na jingine bado. Taratibu alikaa kwenye kiti cha plastiki. Hakukaa kwenye sofa. Siku zilizofuata alikula pale pale, akaosha sahani yake moja, akaisimamisha peke yake kwenye kibao cha vyombo. Redio aliiwasha, lakini ilikuwa inazungumza na watu wengine.

Watu wa mtaani walimpa pole. Walimpa pole kwa namna ya kusimama mbali kidogo, mkono kwenye kitasa cha mlango wao, na baada ya pole walikuwa na harufu ya kitu kinachoungua jikoni, au simu iliyokuwa ikiita.


Yadini, foklifti ilikuwa imefungwa utepe wa njano, na Taratibu akapewa ufagio mpaka hapo mkaguzi wa usalama kazini atakapokuja. Wakati wa mapumziko alikwenda kwenye benchi la wapakiaji kama kawaida yake, na chakula alicholetewa na mkewe. Mazungumzo yakakatika. Kisha mmoja, mchekeshaji wao wa siku zote, akasema akiwa anatazama kikombe chake, "Haraka haraka haina baraka, walisema wazee. Kumbe na taratibu nayo haina." Wengine walitazama chini. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwa sababu kama wangecheka ingekuwa mzaha.

Meneja alimwita ofisini. Alimwambia aketi, akamuuliza kama atakunywa chai. Miaka yote aliyofanya kazi pale, Taratibu hakuwahi kujua kwamba ofisi ile ilikuwa na vikombe vya wageni.

"Wewe ni mtu wetu," alisema meneja. "Hujawahi kugonga hata nguzo. Mkaguzi akija atauliza maswali, na sisi tunataka ajibiwe ukweli. Na ukweli ni kwamba yule kijana alijipandia mwenyewe."

Taratibu alishika kikombe bila kunywa.

"Mzigo ulikuziba usione. Si ndivyo?"

"Uliniziba, ndiyo."

"Basi. Hukumwona. Mtu ambaye hukumwona, utasemaje ulijua alipokuwa? Amevunja sheria iliyoandikwa pale ukutani, amejiumiza. Inasikitisha. Tutampelekea kitu cha ubinadamu hospitalini. Na wewe utarudi kwenye mashine yako." Meneja alisogeza sukari. "Una mtoto anasoma, nasikia."

"Ninaye."

"Basi kunywa chai, ndugu yangu. Inapoa."


Jioni ya siku hiyo hiyo muuza vipuri alikuja. Hakuingia, alisimama kizingitini, mabega yameziba mwanga, akaongea kwa sauti ya chini kwa sababu ya majirani.

"Nimeulizia," alisema. "Ikijulikana alipanda kwenye lile bamba kwa kutaka kwake, kampuni haitoi kitu. Wanasema uzembe wake. Kwa hiyo utasema alikuwa chini. Amesimama chini, pembeni, mzigo ukaanguka ukamfuata."

"Shemeji, hakuwa chini."

"Nani aliyeona? Dereva wa lori alikuwa mbele kwenye usukani. Ni wewe na yeye na Mungu, na Mungu haitwi kutoa ushahidi."

"Damu ilikuwa juu ya ulimi. Walipiga picha."

Muuza vipuri alifikiri. Alikuwa mtu aliyezoea kupata kipuri kinachofanana na kilichovunjika, kikasogezwa kikaingia. "Basi tafuta namna," alisema. "Wewe ndiye uliyempeleka pale. Mama hasemi, lakini mimi nasema."

Akaondoka. Taratibu alibaki amesimama mlangoni. Alikuwa ameombwa uongo mara mbili siku moja, na kila uongo ulikuwa na watu wake wa kuupokea. Ni lile jambo la kweli tu ambalo halikuwa na mtu.


Alikwenda hospitalini saa ambayo alijua mama mkwe ameenda kupumzika. Mluzi alikuwa amelala chali, shuka limepanda mlima kwa mguu mmoja na upande wa pili limekatika bondeni. Alikuwa amekonda usoni. Midomo yake ilikuwa mikavu, imefungwa.

"Shemeji," Taratibu alisema.

"Shemeji."

Kwa muda walisikiliza mgonjwa wa kitanda cha tatu akikohoa.

"Wamekuuliza?"

"Wameniuliza wote. Kaka, mama, dada, na yule wa kampuni aliyeleta matunda. Nimewaambia sikumbuki."

"Kweli hukumbuki?"

"Nakumbuka kila kitu," Mluzi alisema. "Nakumbuka hata wimbo niliokuwa napiga kabla hujaniita."

Taratibu alitaka kukaa, lakini kiti kilikuwa na kanga ya mama mkwe. "Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Dada yangu analala kitandani kwako." Mluzi aligeuza uso wake ukutani. "Wewe sema utakalo. Mimi sikumbuki."


Nyuma ya wodi kulikuwa na bomba na kamba za kuanikia. Mkewe alikuwa anakamua shuka, akilisokota kwa nguvu mpaka mikono ikatoka mishipa. Taratibu alishika ncha ya pili, wakasokota pamoja kama walivyofanya nyumbani siku za kufua, yeye kulia, mkewe kushoto.

"Mama Kibibi, kuna jambo sikukuambia."

Mkewe aliendelea kusokota.

"Hakupanda mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwita. Nilimwambia panda unielekeze. Sikutakiwa kumwambia hivyo, na nilikuwa najua."

Maji yalidondoka kutoka kwenye shuka, yakawa matone, yakakatika. Mkewe alichukua ncha iliyokuwa mkononi mwa mumewe, taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto kisu, akalianika shuka peke yake. Alilinyoosha pembe zote nne. Alibana vibanio.

"Siku zote hizi," alisema mwishowe, akiwa nyuma ya shuka, "nilikuwa nakuletea chakula yadini. Nakuuliza umelalaje. Nagombana na kaka kwa ajili yako. Nilimwambia, mume wangu hawezi, wewe humjui, mume wangu ni mtu wa kusubiri."

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa unakula."

Kivuli chake kilisimama kwa muda nyuma ya lile shuka jeupe, kisha kikaondoka, na Taratibu akasikia ndoo ikiburuzwa kwenye saruji.


Mkaguzi alikuwa mama mmoja mnene aliyevaa viatu vya mpira, ambaye hakukubali kuketi ofisini wala kunywa chai. Aliagiza lori lile lile lirudishwe pale pale, magurudumu yawekewe kabari, ulimi uinuliwe mpaka kimo kile kile. Meneja alisimama na mwavuli ingawa hakukuwa na mvua. Msimamizi wa yadi alikuwa akijipangusa mikono isiyo na uchafu.

"Nionyeshe alipokuwa," mkaguzi alimwambia Taratibu.

Taratibu alipanda juu ya ulimi. Kwa miaka yote alikuwa ameuona kutoka kwenye kiti cha mashine. Hakujua kwamba ukisimama juu yake unayumba chini ya miguu kama kitanda cha kamba. Alisimama pale Mluzi aliposimama, mgongo kwenye lori. Nafasi ilikuwa ndogo. Aliona wazi kwamba mtu aliyesimama hapo hana pa kukimbilia.

"Alipanda kwa nini?"

"Nilimwita."

"Nani alimwita?"

"Mimi. Nilikuwa sioni, nikamwambia panda unielekeze."

Meneja alikohoa. Mkaguzi hakugeuka. "Na wewe nani alikuambia uweke mzigo juu ya ulimi kwa mashine?"

Taratibu alimtazama msimamizi. Walikuwa wamezikiana wazazi wao, wale watu wawili. "Huyu," alisema. "Kwa sababu troli ilikuwa mbovu na malori yalikuwa mengi. Lakini yeye aliondoka. Ufunguo ulibaki mkononi mwangu. Ningezima mashine, hakuna ambaye angeiwasha."

"Ukisema hivyo unajua unajiharibia?"

"Najua, mama."

Mkaguzi aliandika kidogo, akapiga bamba kwa kiatu chake kulisikiliza. Kisha akamwambia meneja, bila ukali, kwamba mpakiaji aliyeagizwa na dereva wa mashine ameagizwa na kampuni, na kwamba kwa hiyo kampuni itamtibu, itamlipa na kumtafutia mguu wa bandia. Troli mpya zitanunuliwa kabla lori lingine halijapakiwa. Na dereva huyu leseni yake ya foklifti inachukuliwa.

Ikawa hivyo. Msimamizi alihamishiwa bohari nyingine. Taratibu alirudisha kizibao chake cha kung'aa, ufunguo na buti, na kwa kuwa hakuwa amekuja na viatu vingine alirudi nyumbani na ndala alizoazimwa na mlinzi. Aliyeazimwa ndala ni yule aliyekuwa dereva wa mashine pekee pale ambaye hakuwahi kugonga nguzo. Baada ya kuhangaika alipata kibarua kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kupanga magunia ya saruji kwa mgongo.

Kwa ukoo wa mkewe habari zilifika zikiwa nusu nzuri, nusu mbaya. Muuza vipuri alikubali nusu nzuri na hakusamehe ile nyingine.


Mluzi alipotoka hospitalini alipelekwa kwa mama yake. Mkewe Taratibu alikwenda kumuuguza, na baada ya muda akatuma watu wa pikapu waje wachukue cherehani, kwa kuwa wateja wake walikuwa wanamsumbua. Alikuja nao mwenyewe.

Vijana wa pikapu waliinyanyua cherehani kwa kichwa chake, mmoja akiwa amepanda juu na mwingine akisukuma kwa tumbo. Taratibu, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono mfukoni, hakuvumilia.

"Shusha," alisema. "Wewe uliye juu, teremka kwanza."

Alizuia magurudumu ya pikapu kwa matofali. Aliingiza kadibodi chini ya miguu ya cherehani, akaikamata upande wa kitako, akamwonyesha kijana mahali pa kushika, wakaiinua pamoja, wakaisukuma mpaka kwenye kichwa cha gari ndipo akaifunga kwa kamba, fundo juu ya fundo. Aliijaribu kwa mkono. Haikutikisika. Kisha akaona kwamba ameifunga vizuri sana, na kwamba kazi imekwisha.

Mkewe alikuwa akimtazama muda wote huo, gauni la mteja mkononi, bega moja bado halijashonwa.

"Kibibi hajambo?" Taratibu aliuliza.

"Hajambo. Anakuulizia."

"Mwambie nipo."

"Anajua upo," mkewe alisema. Alipanda mbele. "Baba Kibibi, sijakuacha. Usije ukawaambia watu nimekuacha. Siwezi tu kukaa humu kwa sasa."

Taratibu aliondoa matofali, moja baada ya jingine, akawapungia waende.


Nyumba ikazidi kupanuka. Kulikuwa na alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu, na jua la asubuhi likawa linaingia mpaka ukutani bila kuzuiwa na kitu. Taratibu alirudi kazini akiwa mweupe wa saruji, akaoga, akala, akalala. Wakati mwingine siku mbili zilipita bila mtu kumsemesha isipokuwa kumwambia "weka hapa" na "ongeza pale". Aliwahi kujikuta akimjibu mtangazaji wa redio aliyewatakia wasikilizaji jioni njema.

Jumapili moja alasiri mlango uligongwa kwa kitu kigumu, si kwa kidole. Alipofungua akamkuta Mluzi, magongo mawili kwapani, jasho linamtoka, suruali mguu mmoja umekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Shemeji. Umekuja na nani?"

"Nimekuja."

Taratibu alitaka kumsaidia kuvuka kizingiti. Mluzi akamwonyesha kwa kichwa kwamba asogee. Aliingia mwenyewe, akakwama kidogo kwenye mkeka, akafika kwenye sofa, akakaa. Shuka na mto wake bado vilikuwa pale. Alivitazama. Taratibu alivuta kile kiti cha plastiki.

"Sikuja kukusamehe," Mluzi alisema.

"Sawa."

"Usije ukadhani. Pale nyumbani mama anasema yamepangwa. Kaka anasema malipo yanakuja, nitafungua duka. Dada analia jikoni akidhani simsikii. Nikikunja uso kidogo tu, wanaita watu waje kuniombea. Nimeombewa mpaka nimechoka. Nataka kukasirika, shemeji, na hakuna anayeniruhusu."

"Kasirika hapa."

"Ndicho nilichojia."

Akaanza. Hakupaza sauti, na Taratibu alitamani angepaza. Alimwambia kwamba kila asubuhi bado anateremsha mguu ambao haupo, anaanguka. Alimwambia vidole vile vinamwasha, vidole vilivyozikwa sijui wapi, na huwezi kukuna kitu kilichozikwa. Alimwambia juu ya msichana mmoja aliyekuwa akimngoja getini yadini siku za mshahara na siku zisizo za mshahara, aliyekuja hospitalini mara moja, akasema atarudi.

"Neno moja tu ungesema," alisema. "Subiri. Ungewaambia subirini. Mtu anaitwa Taratibu, anasubiri hata chai ipoe yenyewe bila kuipuliza. Maisha yako yote umesubiri. Ikawa siku ile tu."

"Ndiyo," Taratibu alisema. "Ikawa siku ile tu."

"Na usiniambie kwamba na mimi ningekataa."

"Sisemi."

"Watu wanasema. Kaka amesema, kwani ulishikiwa bunduki? Ningekataaje? Wewe ndiye uliyeniingiza kazini. Nalala kwako, nakula kwako. Mtu anayelala sebuleni kwako hana neno hapana. Ulilijua hilo?"

Taratibu alilifikiria, kwa mwendo wake. "Sikulijua," alisema. "Nilidhani umekubali."

Mluzi aliegemea nyuma, akafumba macho. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama mtu aliyepanda kilima. Nje mtoto wa jirani alikuwa akigonga mpira ukutani. Baadaye Taratibu aliinuka akachemsha chai, na mara hii maji aliyoyaweka yalitosha. Wakanywa. Mluzi aliomba sukari zaidi, akapewa.

"Dada yuko pale kwenye duka la kona," alisema alipomaliza. "Ananisubiri. Hakutaka kufika hapa."

Walikwenda pamoja, Taratibu nyuma kidogo, mikono tayari na haina kazi. Mkewe alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, mkoba begani. Alikuwa amekonda, au ni macho ya mtu aliyemkosa kwa muda. Walisimama, mume na mke, kama watu wanaosubiri mtu wa tatu awatambulishe.

"Amekula?" mkewe aliuliza.

"Amekunywa chai. Vikombe viwili."

"Nyumbani hanywi."

Mkewe alimpangusa mdogo wake jasho la shingoni, akachukua gongo moja, akaweka bega lake mahali pa gongo. Walipokwisha kupiga hatua kadhaa Mluzi akasimama, akageuza kichwa.

"Jumapili nitakuja tena," alisema. "Sijamaliza."

"Njoo," Taratibu alisema.

Wiki ile alifanya kazi ya magunia kama kawaida. Jumamosi alasiri alikunja mkeka wa mlangoni akauweka uvunguni, akaazima nyundo, akaanza kugongomea ubao wa mteremko juu ya kizingiti, upana wa kutosha magongo mawili. Jirani yake, yule mwenye harufu za jikoni zisizokwisha, alisimama kumtazama.

"Unatarajia mgeni?"

"Ndiyo," Taratibu alisema, msumari mdomoni. "Shemeji yangu anakuja kunigombeza."

Jirani alicheka, akidhani ni utani wa mashemeji. Taratibu naye alitabasamu kidogo kwa adabu, akautoa msumari mdomoni, akaupigilia.